Modeli ya ubongo ya vipande 8: plastiki poa, kijitabu uongo mtupu

Nimekaa na hii modeli miezi saba sasa kwa hiyo naona nina haki ya kuisema, mazuri na mabaya. Kwanza tuelewane, mi sio daktari wala sisomei, niliinunua kwa sababu baba yangu alipigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa KULIA ukapooza na maneno yakakata, na kila niliyemuuliza imekuwaje kushoto kuumie alafu kulia ndo kupooze alinijibu "ubongo unafanya kazi kinyume" akaendelea na shughuli zake. Kinyume kivipi sasa? Vinapishania wapi? Mi ni mtu wa kushika kitu mkononi ndo naelewa, michoro ya kwenye simu hainiingii kabisa, basi nikaagiza ubongo wa plastiki.

Unakuja kwenye boksi, umezungushiwa sponji, vipande 8, stendi nyeupe na kijitabu. Saizi ni ya ubongo wa kweli wa mtu mzima ila uzito hamna kitu, ubongo halisi ni kama kilo 1.3 mpaka 1.4 lakini hii ukiishika ni kama umeshika kikombe kitupu. Natamani wangeweka uzito kidogo, maana hako kamzigo ni kama asilimia 2 tu ya mwili wa mtu lakini kanatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na ukikashika kakiwa kazito ungeelewa vizuri kwa nini damu ikikatika dakika chache tu balaa linaanza. Wataalamu walishapiga hesabu, mshipa mkubwa ukiziba na mtu hajatibiwa, seli za neva zinakufa kama milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika jamani. Sisi baba tulimwacha "apumzike kwanza", mdomo umeenda upande tukasema kalalia vibaya. Sitaki kuliongelea sana hilo.

Vipande vinashikana kwa sumaku. Vile vikubwa vinashika fresh, ila ubongo mdogo, ule unaokaa nyuma kwa chini, unadondoka hata ukipiga chafya chumba cha pili. Ntaurudia.

Kilichonifanya nisirudishe mzigo ni shina la ubongo. Hapo aliyechonga alichonga kwa moyo. Ukilichomoa ukalitazama kwa mbele, chini kabisa kabla halijageuka kuwa uti wa mgongo, sehemu inaitwa medula, kuna vijituta viwili virefu vimekaa sambamba, na chini yake wamechora vistari vinavyopishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Ndo penyewe hapo. Nyuzi zinazoshusha amri kwa misuli kutoka nusu ya kushoto, nyingi yake sio zote, zinavukia hapo kwenda kulia, na za kulia zinavuka kuja kushoto. Usiku ule nilikaa nayo mezani nikawa namfuata baba kwa kidole, anzia juu kushoto, shuka, vuka, toka mkono wa kulia. Wiki na wiki za kuuliza watu zikaishia kwenye kiplastiki chenye urefu wa kidole gumba.

Mishipa ya damu sasa, hapo wamelipua kazi. Chini ya ubongo wameichora kwa rangi nyekundu vizuri tu, ule mduara wa mishipa unaokaa kama buibui, lakini ikifika ubavuni rangi inaisha, kama vile mchoraji aliitwa mapumziko asirudi. Na ubavuni ndo penyewe jamani! Mshipa wa kati wa ubongo unapita kwenye ule mfereji mrefu wa ubavuni alafu unatawanyika juu ya ubavu karibu wote, na kwenye viharusi vya mshipa kuziba huo ndo unaoziba mara nyingi. Nilichukua kalamu nyekundu nikamalizia mwenyewe kwa kuangalizia mchoro aliotuchorea daktari nyuma ya fomu, na nilipomaliza nikaona kila kitu kimekaa mahali pake: mshipa huohuo mmoja wa kushoto unalisha eneo la uso, eneo la mkono na maeneo ya lugha. Mguu je? Eneo la mguu lipo juu utosini linaingia ndani kwenye ule mpasuko kati ya nusu mbili, na huko unalisha mshipa mwingine, wa mbele. Ndo maana baba alishaanza kutembea kwa kuburuza wakati mkono bado umelala kama sio wake. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema ule mkono anaudekeza, anafanya uvivu, kuna siku nilimgombeza kabisa, "mbona mguu umeweza".

Sasa tuje kwenye kufungua. Unashika nusu ya kushoto, unashika ya kulia, unavuta, inaachia kwa kasauti kazuri ka sumaku, na hapo ndo kijitabu kinaanza vituko vyake. Ukurasa wa kwanza kuna picha kubwa, kushoto kumejaa namba na kikokotoo, kulia kumejaa rangi, noti za muziki na kipepeo (kipepeo kimefuata nini sijui). Chini wanasema nusu ya kushoto ni ya mantiki, ya kulia ni ya ubunifu, na kila binadamu ana nusu inayomtawala, alafu kuna maswali 12 ujipime wewe ni wa wapi. Mdogo wangu kajipima kaambiwa ni mtu wa kulia, toka siku hiyo ukimwambia apange chumba chake anakujibu ubongo wake haujaumbwa kwa mambo hayo.

Huu uongo una chanzo cha kweli ndo maana haufi. Nusu mbili za ubongo zimeunganishwa na daraja la nyuzi linaitwa korpasi kalosamu, kwenye modeli ni ule utepe mweupe uliopinda unaouona ukishaifungua, nyuzi kama milioni 200 zimepita humo. Kuna watu wana kifafa kikali ambacho dawa zimeshindwa, madaktari wakawa wanalikata hilo daraja ili ile dhoruba ikianza upande mmoja isivuke kwenda wa pili. Na wagonjwa walikuwa wanatoka wako sawa tu, wanaongea, wanatembea, ukikutana nao njiani hujui. Mpaka Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga huko Marekani miaka ya 1960 walipoanza kuwapima kwa ujanja. Unamwambia mtu akazie macho nukta katikati ya skrini, unamuonyesha picha ya kijiko upande wa kushoto kwa sekunde isiyofika hata moja, taarifa inaenda nusu ya kulia peke yake kwa sababu daraja halipo. Ukimuuliza umeona nini anasema sijaona kitu. Lakini mwambie apapase kwa mkono wa kushoto nyuma ya pazia, anachomoa kijiko! Nusu moja imeona na inajua, ila haina mdomo wa kusemea.

Kuna ingine ya baadae ya Gazzaniga ambayo mi ndo huwa inaninyima usingizi. Nusu ya kushoto ikaonyeshwa mguu wa kuku, ya kulia ikaonyeshwa mandhari ya theluji, mtu akaambiwa achague picha zinazoendana. Mkono wa kulia ukachagua kuku, mkono wa kushoto ukachagua koleo, maana theluji inazolewa na koleo. Akaulizwa kwa nini koleo? Nusu inayoongea haikuona theluji hata kidogo, ila haikusema sijui, ikajibu bila kusita kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku. Yaani imetunga palepale na imeamini ilichotunga. Sperry akapewa Nobel mwaka 1981, na watu wa semina za kufanikiwa wakachukua nusunusu ya habari wakatengenezea maswali 12. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 wakitafuta hao "watu wa kushoto" na "watu wa kulia", hawakuwaona. Kazi fulani fulani kweli zinaelemea upande mmoja, lakini mtu mzima mzima kutawaliwa na nusu moja, hamna.

Kingine kwenye hichohicho kijitabu, ukurasa wa 6, wanasema jicho la kushoto linapeleka kwenye ubongo wa kulia na la kulia linapeleka kushoto. Sio. Kila jicho linapeleka pande zote mbili, kinachovuka ni nusu ya unachokiona, vilivyo kushoto kwako vinaenda kulia hata ukivitazama kwa jicho gani. Na cha kuchekesha modeli yenyewe imeonyesha sahihi, pale chini mbele neva za macho zinapokutana zinagawana, nyuzi zingine zinavuka zingine zinabaki upande wake. Aliyechonga na aliyeandika hawajawahi kukutana hawa watu.

Haya, lugha. Kwenye nusu ya kushoto kuna madoa mawili ya rangi, la chungwa mbele na la kijani nyuma yake kidogo chini. La chungwa ni eneo la Broca. Huyu Paul Broca alikuwa daktari Ufaransa, mwaka 1861 alipokea mgonjwa anaitwa Leborgne ambaye kwa miaka mingi neno lililokuwa linamtoka ni "tan" tu, ukimuuliza chochote "tan tan", hadi hospitali nzima wakawa wanamwita hivyo, lakini alikuwa anaelewa akiongeleshwa na akikasirika mnajua kakasirika. Akafariki siku chache tu baadae, Broca akaufungua ubongo akakuta umeharibika mbele kushoto. La kijani ni la Carl Wernicke, daktari wa Ujerumani, mwaka 1874, hao wagonjwa wa kwake wanaongea vizuri sana, kasi, lafudhi safi, ila maneno hayana maana na wenyewe wakiongeleshwa hawaelewi vizuri. Sio kwamba ndo maduka mawili yana kuta, lugha imetapakaa zaidi ya hapo, ila kwa kuanzia inatosha. Kwa watu wanaotumia mkono wa kulia, kama 95 kati ya 100 lugha yao imekaa zaidi kushoto. Hata wa mashoto wengi wao ni hukohuko, kama 70 kati ya 100.

Baba ni wa doa la chungwa. Hiyo hali inaitwa afasia, na mi naomba kila mwenye mgonjwa wa namna hii alishike hilo jina, kwa sababu bila jina watu wanamfanya mgonjwa ni chizi au kiziwi. Ndugu walikuwa wanakuja wanampigia kelele sikioni, wengine wanamwongelesha kama mtoto, wengine wanaongea mambo yake mbele yake kama hayupo, na yeye anaelewa, machozi yanamtoka. Nilichofanya nikaiweka modeli juu ya kabati pale anapokaa, kila mgeni akija nachomoa nusu ya kushoto namwonyesha doa, hapa pameharibika, hili la nyuma lipo, kwa hiyo anakusikia na anakuelewa, ongea taratibu, swali moja moja, msubiri. Kwa kazi hiyo tu modeli imejilipa. Ila angalizo, "ndiyo" na "hapana" zinaweza kumchanganya akasema ndiyo kumbe anakataa, sisi tulimbadilishia shati mara tatu siku moja kwa sababu hiyo, mwangalie kichwa na macho sio neno peke yake.

Na kuna maneno yanayopona ajali. Kuhesabu moja mpaka kumi anaweza, akianza anateremka mwenyewe kama ngazi, lakini umuulize vidole vingapi hivi anakwama. Matusi pia. Baba ambaye maisha yangu yote sijawahi kumsikia akitukana, neno la kwanza kumtoka wazi kabisa baada ya kiharusi lilikuwa tusi, tena kwa nesi aliyekuwa anamtoa plasta, wodi nzima ikanyamaza, mama akafunika uso. Nesi ndo aliyecheka, akasema hiyo ni dalili nzuri. Vitu vilivyozoeleka na vya hasira havitegemei njia ileile ya kupanga sentensi.

Kuimba hivyohivyo. Hawezi kuomba maji ila akisikia wimbo anaoujua anaingia nao ubeti mzima na maneno yake. Sio muujiza wala haigizi, muziki unaegemea sana nusu ya kulia na yeye ya kulia ni nzima, na tangu miaka ya 1970 kuna wataalamu wa usemi wanaotumia njia hiyo, wanamfundisha mgonjwa aseme sentensi fupi kwa kuighani huku anagonga meza kwa mkono wa kushoto, alafu taratibu wanapunguza ule wimbo. Mtaalamu wetu alitufundisha "na-ta-ka ma-ji", juu chini juu chini. Kuna mtunzi wa muziki wa Urusi, Vissarion Shebalin, viharusi viwili vilimmaliza lugha lakini akaendelea kutunga muziki, mpaka simfoni nzima aliimaliza kabla hajafa mwaka 1963. Kijitabu kingesema hayo ningekisamehe hata kipepeo chake. Ila sio kila mgonjwa anaitikia, msije mkanilaumu.

Sasa nusu ya kulia. Modeli imeiacha tupu kabisa, hamna hata doa moja la rangi, kama vile ni spea tairi. Hili ndo linaloniudhi kuliko mishipa, kuliko sumaku, kuliko yote, na ntawaambia kwa nini.

Kitanda cha pili na baba alikuwepo mzee mwingine, naye kiharusi, upande wa kulia. Sisi tulikuwa tunamwonea wivu kabisa. Anaongea, anapiga stori, anajua majina ya wajukuu wote, mama alikuwa anasema "afadhali yeye". Siku ya tatu hivi nikaona anakula nusu ya sahani. Sio nusu ya chakula, nusu ya SAHANI, ya kulia yote imeisha imefutwa, ya kushoto haijaguswa, na analalamika wamempimia kidogo. Mke wake akaizungusha sahani akala iliyobaki akashukuru kwa kuongezewa. Akinyoa ndevu ananyoa shavu la kulia. Mtaalamu akampa karatasi achore saa, akachora duara zuri alafu namba zote 12 akazirundika upande wa kulia, kushoto peupe, akairudisha na kalamu kama mtu aliyemaliza mtihani mapema.

Macho yake hayana shida, ndo watu wasichoelewa. Ni ubongo umeacha kujishughulisha na kushoto, na hii inatokea sana ikiumia nusu ya kulia, hasa sehemu ya nyuma kwa juu, kuliko ikiumia ya kushoto. Mpaka kwenye mawazo inaingia. Mwaka 1978 huko Milan, Italia, wagonjwa wa hali hii waliambiwa wafikirie wamesimama kwenye uwanja mkubwa wa kanisa kuu la mji wao wakilitazama kanisa, wataje majengo. Wakataja ya kulia. Haya, sasa fikiria umesimama kwenye ngazi za kanisa unaangalia huku, taja tena. Wakataja yale yaliyokuwa ya kushoto mara ya kwanza, na yale ya mwanzo yamepotea! Kumbukumbu ipo yote, ila kushoto hakuchukuliki.

Na baya zaidi, yule mzee alikuwa hajui kama anaumwa. Mkono wake wa kushoto haunyanyuki hata kidogo, ukimwambia nyanyua mkono anakwambia nimeshanyanyua. Ukimwonyesha anasema huo sio wangu, au leo nimechoka. Daktari mmoja wa Ufaransa, Joseph Babinski, aliipa jina hali hiyo mwaka 1914, anosognosia, na mi nikakumbuka ile habari ya koleo la banda la kuku, nusu ya kushoto ipo, ina mdomo, inatoa sababu safi kwa jambo isilolijua. Usiku wa wiki ya pili akaamka aende zake msalani kama mtu mzima mwenye miguu miwili, akaanguka akavunjika nyonga. Baba yangu asiyeongea hajawahi kuanguka hata siku moja, kwa sababu anajua mguu wake ukoje. Wale wa mazoezi walituambia wagonjwa kama yule mzee ndo wagumu kuliko kina baba, utamfanyisha mtu mazoezi gani ya mkono ambao kwake hauna tatizo.

Sauti yake pia ilikuwa bapa, anakupa habari ya furaha na ya msiba kwa toni moja, na utani ukimtania anaupokea kama ulivyo. Nusu ya kulia ndo yenye kazi kubwa ya kupandisha na kushusha sauti kwa hisia, kushika kejeli, kutambua nyuso. Mke wake alidhani amemchukia. Huyo mama angehitaji modeli kuliko mimi, na ningemwonyesha nini? Plastiki ya pinki isiyo na doa. Baada ya pale nilinunua rangi ya kucha nikapaka madoa yangu mwenyewe kulia, la kijivu juu nyuma kwa ajili ya kupuuza upande, la bluu chini kwa ajili ya nyuso. Sio sayansi ya kupimwa kwa rula ila ni bora kuliko kipepeo.

Mambo madogo madogo. Namba 14 na 15 kwenye orodha zimebadilishana, msijisumbue kama mimi. Hipokampasi hawajaitoa kipande chake, imechorwa tu ndani kama kituta, wakati hicho ndo kidude ambacho mgonjwa mmoja wa Marekani, Henry Molaison, alitolewa pande zote mbili mwaka 1953 ili kutibu kifafa na hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya ya siku yake mpaka anafariki mwaka 2008, ingawa akifundishwa kuchora nyota kwa kuangalia kwenye kioo mkono wake ulikuwa unazidi kujua kila siku na yeye anaapa hajawahi kufanya. Kitu kama hicho unakinyima kipande kweli? Watoto nyumbani wanaipenda sana modeli, wameifungua na kuifunga mara mia na rangi haijachubuka, hapo nawapa pointi. Wakaniuliza mtu anaweza kuishi na nusu moja, nikawaambia ndiyo, kuna watoto wenye kifafa kibaya waliotolewa au kukatiwa mawasiliano ya nusu nzima na wanatembea na wanaongea, kwa sababu ubongo mdogo kiumri unahamisha kazi, ila mkono wa upande wa pili unabaki dhaifu na nusu ya wanachokiona inapotea. Kwa mtu wa umri wa baba kuhama huko kupo lakini ni kwa jasho, mazoezi yaleyale mara mia kwa siku.

Niliwaandikia waliouza kuhusu ukurasa wa 6 na ile picha. Wakajibu kwa adabu kwamba kijitabu ni kwa elimu ya jumla, alafu kwa kunifuta machozi wakanitumia kijitabu kingine cha bure. Kilekile.

Kwa hiyo modeli nyota 4, shina la ubongo peke yake lingepata 5. Kijitabu nyota 0, ukurasa wa picha nimeuchana, mdogo wangu kauokota kaubandika mlangoni kwake. Ukinunua nunua na kalamu nyekundu na rangi mbili za kucha. Ubongo mdogo nimeupiga gundi mara mbili, na wakati naandika hapa umedondoka tena, umeingia chini ya kabati na baba anauonyesha kwa mkono wa kushoto huku anacheka.